Barua kwa Mwanangu: Mahali pa Kukata na Mahali pa Kusubiri

Mwanangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima. Nimelipokea onyesho ulilonitumia, lile la baba na binti yake usiku wa kuamkia safari, pamoja na picha zote ambazo hazikutumika, na nimelitazama mara nne: mara mbili kwa sauti, mara moja nikiwa nimezima sauti, na mara ya mwisho nikihesabu mikato. Nimepata mikato 43 katika dakika tatu na nusu. Umeniambia kwamba mwalimu wako anaona limekatwakatwa kupita kiasi, na kwamba mwenzako mnayehariri pamoja anashikilia kuwa bila mikato hiyo mtazamaji atachoka, nawe unaomba nikuamulie. Nitakuamulia, lakini kwanza nikueleze ubishi huu ulikotoka, kwa sababu ni mkubwa kuliko ninyi wawili na umeishi karibu miaka mia moja, na kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa upande mmoja kwa moyo wote kwa miaka mingi, hadi mwanamke mmoja aliponiyumbisha kwa sentensi moja tu.

Unajua kwamba sinema ilianza bila mhariri. Tarehe 28 Desemba 1895, ndugu wawili wa ukoo wa Lumière walipowaonyesha watu waliolipa kiingilio filamu zao katika mkahawa mmoja jijini Paris, kila filamu ilikuwa shoti moja, yaani picha iliyopigwa mfululizo bila kukatwa, ya muda usiofika dakika: kamera imesimama, wafanyakazi wanatoka kiwandani, mkanda unaisha. Katika mojawapo ya filamu hizo za mwanzo, wazazi wanamlisha mtoto wao wakiwa nje ya nyumba, na inasimuliwa kwamba kilichowashangaza watazamaji kuliko mtoto mwenyewe ni majani ya miti yaliyokuwa yakitikisika kwa upepo nyuma yake. Hakuna aliyeyapanga majani yale. Yaliingia katika picha kwa sababu yalikuwapo pale. Naomba uyakumbuke, maana nusu karne baadaye alitokea mtu aliyejenga hoja yake kuu juu ya vitu vinavyoingia katika picha bila kualikwa.

Hata hivyo, nadharia ya uhariri wenyewe ilikomaa mapema zaidi, na ilikomazwa na uhaba. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1917, Urusi iliingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na mikanda mipya ya filamu ikawa adimu kiasi kwamba mwongozaji filamu Lev Kuleshov na wanafunzi wake jijini Moscow walifanya mazoezi ya filamu zisizo na mkanda, wakiigiza jukwaani yale ambayo wangeyapiga picha kama wangekuwa na uwezo. Filamu walizozishika mikononi zilikuwa za zamani na za watu wengine, basi wakajifunza kuzikata na kuziunga upya. Mtu asiyeweza kupiga picha mpya hulazimika kugundua zile za zamani zina nguvu gani ndani yake. Ndipo Kuleshov alipouchukua uso wa mwigizaji mashuhuri Ivan Mozzhukhin, uso uliotulia, usiosema jambo mahususi, akauunganisha na sahani ya supu, kisha na maiti ya mwanamke ndani ya jeneza, kisha na mtoto mdogo anayecheza. Vsevolod Pudovkin, aliyeshiriki katika jaribio hilo, alisimulia baadaye kwamba watazamaji walimsifu mwigizaji kwa namna alivyoitafakari supu, alivyomwombolezea marehemu na alivyomfurahia mtoto, ilhali uso ulikuwa uleule katika sehemu zote tatu. Jaribio lenyewe halikusalia, na masimulizi ya wahusika hayalingani katika kila jambo, lakini kila mhariri hulirudia kwa mikono yake, na wewe umelirudia katika dakika ya pili ya onyesho lako. Nitarudi hapo.

Kuleshov hakuishia kwenye uso. Aliwakutanisha wahusika wawili katika barabara za Moscow, akawaelekeza kwenye jengo ambalo, kwa kipande kilichotolewa katika filamu ya Kimarekani, lilikuwa Ikulu ya Washington, na mtazamaji akauona mji mmoja ambao haupo popote duniani. Aliunda pia mwanamke mmoja kwa kuunganisha picha za karibu za viungo vya wanawake kadhaa. Nilipoyasoma hayo nikiwa na umri kama wako nilipata msisimko ambao sijawahi kuusahau. Niliamini kwamba nimepewa ufunguo: kilichopo mbele ya kamera ni malighafi tu, na filamu huzaliwa pale mezani petu, kwenye kiungo kati ya kipande na kipande.

Walioibeba imani hiyo mbali zaidi ni Pudovkin na mwongozaji mwingine, Sergei Eisenstein, lakini hawakuibeba kwa namna moja, na tofauti yao ni muhimu kwako zaidi ya unavyodhani. Kwa Pudovkin shoti ni tofali: unaweka moja juu ya jingine, polepole, hadi ukuta wa maana usimame. Katika filamu yake ya mwaka 1926 kuhusu mama na mwanawe mfungwa, alitaka kuonyesha furaha ya kijana anayepata habari kwamba kesho atakuwa huru. Aliona uso wa furaha peke yake ni kitu cha kawaida mno, kwa hiyo akaonyesha mikono inayohangaika na sehemu ya chini ya uso yenye tabasamu, akaviunga na kijito kilichofurika maji ya majira ya kuchipua, mwanga unaocheza juu ya maji, ndege wanaojirusha bwawani, na mtoto anayecheka. Vipande hivyo vinashikamana na kumwongoza mtazamaji kwa upole hadi kwenye hisia moja.

Eisenstein hakuwa na upole huo. Ameandika kwamba Pudovkin alikuwa akimtembelea usiku wa manane na kwamba walibishana nyuma ya milango iliyofungwa, mmoja akitetea muungano, mwingine akidai mgongano. Kwa Eisenstein shoti mbili zikikutana hazijumlishwi, zinapigana, na kutokana na pigano hilo huzaliwa wazo la tatu ambalo halimo katika shoti yoyote kati ya hizo mbili. Mfano wake aliutoa katika maandishi ya Kichina na Kijapani, ambamo alama ya maji ikiwekwa pamoja na alama ya jicho hupatikana neno la kulia machozi, na mdomo ukiwekwa pamoja na ndege hupatikana kuimba. Vitu viwili vinavyoweza kuchorwa vinazaa kitendo kisichochoreka. Katika filamu yake ya mwaka 1925 kuhusu meli ya Potemkin, simba watatu wa mawe, mmoja amelala, mmoja ameamka, mmoja ameinuka, wanaunganishwa haraka hadi jiwe lenyewe linaonekana kusimama kwa hasira. Na katika mauaji ya raia kwenye ngazi za mji wa Odessa, muda unavutwa na kurefushwa, kwa kuwa askari wanashuka na kushuka huku tukirudishwa tena na tena kwenye nyuso, buti, miwani iliyovunjika na kigari cha mtoto, hadi ngazi zinaonekana hazina mwisho. Mtu aliyezitembelea akashuka kwa miguu atamaliza mapema zaidi ya filamu inavyomfanya aamini. Sioni kosa hapo. Hofu nayo hurefusha ngazi, na uhariri ule ni mwaminifu kwa hofu.

Lakini kuna tukio jingine la Eisenstein ambalo ningependa ulitafakari kwa muda mrefu zaidi. Katika filamu yake ya kwanza ndefu, kuhusu mgomo wa wafanyakazi, iliyotoka mwaka huohuo wa 1925, askari wanawaua wafanyakazi waliogoma, na kati ya picha hizo anachomeka picha za ng'ombe dume anayechinjwa machinjioni. Maana iko wazi: watu wamechinjwa kama mifugo. Wakati wa kuandika juu ya filamu hiyo, Eisenstein alikiri jambo ambalo wanafunzi wengi hulipita bila kuliona. Alisema picha za machinjio hazikumtikisa mtazamaji mfanyakazi kama alivyotarajia, kwa sababu kwa mfanyakazi damu ya ng'ombe inahusiana na viwanda vilivyo jirani na machinjio, na kwamba kwa mkulima aliyezoea kuchinja mifugo yake mwenyewe zisingekuwa na nguvu kabisa. Tafakari ukiri huo unamaanisha nini. Mgongano haufanyiki ndani ya mkanda. Unafanyika ndani ya kichwa cha mtu, na kichwa hicho kina maisha yake ambayo mhariri hakuyahariri. Mimi namheshimu Eisenstein kwa kuliandika jambo hilo waziwazi, kwa sababu linaibomoa nusu ya nadharia aliyokuwa akiijenga.

Usidhani kwamba Warusi wote walikuwa na wazo moja. Dziga Vertov aliwachukia waigizaji na hadithi za kubuni, akataka kamera iyakamate maisha yenyewe bila kuyatangulia, lakini maisha hayo yalipofika mezani yalikatwa na kuungwa kwa kasi ambayo hata leo inashangaza. Katika filamu yake ya mwaka 1929 kuhusu mtu mwenye kamera, tunamwona mhariri wake, Elizaveta Svilova, ambaye pia alikuwa mke wake, ameketi na mkasi mbele ya vipande vya mkanda. Nyuso zilizoganda kwenye vipande hivyo zinaanza kutembea baada ya mikono yake kuzigusa. Kila ninapoulizwa kazi yangu ni ipi huwa natamani kumwonyesha anayeuliza sehemu hiyo. Ni nadra filamu kumwonyesha mhariri akiwa kazini.

Sasa nikupeleke upande wa pili. André Bazin alizaliwa mwaka 1918 huko Angers, Ufaransa, akasomea ualimu, na kigugumizi chake kikamzuia kupata kazi ya kufundisha. Baada ya vita alizunguka akiwaonyesha wafanyakazi na wanafunzi filamu na kuzungumza nao baada ya kila onyesho, akaandika bila kuchoka, na mwaka 1951 akawa miongoni mwa walioanzisha jarida la Cahiers du cinéma. Alifariki Novemba 1958 kwa saratani ya damu akiwa na umri wa miaka 40. Makala yake ya mwaka 1945 kuhusu asili ya picha ya kamera inaanzia mbali sana, kwa miili iliyohifadhiwa ya Wamisri wa kale, ili kusema kwamba binadamu amekuwa akitafuta siku zote njia ya kukiokoa kitu kisimezwe na wakati, na kwamba kamera ilikuwa njia ya kwanza ambamo kitu chenyewe kinaacha alama yake bila mkono wa msanii kukifasiri. Hapo ndipo majani ya ndugu wa Lumière yanaporudi. Kwa Bazin thamani ya kwanza ya sinema iko katika uwezo wake wa kuupokea ulimwengu, na mhariri anayeufanya ulimwengu huo malighafi ya hoja yake anaitupa zawadi hiyo.

Aliwagawa waongozaji katika makundi mawili, wanaoiamini picha na wanaoamini uhalisi, na kila anayemsoma kwa haraka hudhani kwamba alikataa kukata. Hakukataa. Katika makala yake maarufu kuhusu mahali ambapo montaji, yaani kuunganisha shoti ili kujenga maana, inakatazwa, sheria yake ni finyu na makini: pale kiini cha tukio kinapotegemea vitu viwili au zaidi kuwapo pamoja kwa wakati mmoja, mkato unakatazwa. Mfano mmoja aliutoa katika filamu ya Uingereza ya mwaka 1951 iliyopigwa nchini Kenya, kuhusu familia inayoishi katika hifadhi ya wanyama. Mtoto anaokota mwana wa simba na kuondoka naye, na simba jike anamfuata. Kwa muda mrefu tunaonyeshwa mtoto peke yake, kisha simba peke yake, kisha wazazi wenye hofu, na yote hayo ni ya kawaida, maana tunajua kwamba mtoto na simba hawakuwahi kukaribiana. Halafu, bila kutarajiwa, shoti moja inawaweka wote pamoja katika fremu moja, wazazi, mtoto na simba. Bazin anasema kwamba hapo ghafla kila kitu kilichotangulia kinapata uzito. Kwamba simba huyo huenda alikuwa amefugwa hakukumsumbua, kwa sababu nafasi ilikuwa moja na hatari ilikuwa na mahali pa kusimama.

Mfano wake mwingine ni uwindaji wa sili katika filamu ya Robert Flaherty ya mwaka 1922 kuhusu Nanook, mwindaji wa kaskazini mwa Kanada. Mwindaji anangoja kwenye tundu la barafu, na Bazin anasifu kwamba tunangoja pamoja naye, kwamba urefu wa kungoja ndio maudhui yenyewe ya picha. Naikubali hoja hiyo kabisa. Lakini ni lazima ujue pia kwamba katika filamu hiyohiyo nyumba ya barafu tunayoiona kwa ndani ilijengwa kubwa kuliko kawaida na nusu yake ikaondolewa ili mwanga uingie na kamera ienee, kwa hiyo familia ile inayolala na kuamka ilikuwa nje kwenye baridi, na kwamba hata jina Nanook lilikuwa la filamu, kwani mtu mwenyewe aliitwa Allakariallak. Vivyo hivyo kwa filamu ya Orson Welles ya mwaka 1941 kuhusu tajiri wa magazeti. Bazin aliipenda shoti moja ambamo glasi na chupa ya dawa viko karibu kabisa na kamera, mwanamke amelala kitandani gizani katikati, na nyuma kabisa mume anagonga mlango, vyote vikiwa ndani ya picha moja yenye kina. Aliona humo uhalisia wa nafasi. Kumbe mpiga picha Gregg Toland na Welles waliitengeneza shoti hiyo kwa kupitisha mkanda uleule ndani ya kamera zaidi ya mara moja, kila sehemu ikipigwa peke yake. Nafasi aliyoisifu kwa umoja wake ilikuwa imeungwa vipande, ila kiungo hakikuwa mezani kwa mhariri.

Je, hayo yanamwangusha Bazin? Niliwahi kudhani hivyo, na nilipokuwa kijana nilifurahia kuyataja katika mabishano. Siku hizi naona yanatusaidia kumwelewa vizuri zaidi. Alichokitetea kina uhusiano mdogo na usafi wa mitambo. Alitetea nafasi ya mtazamaji kutazama. Chukua onyesho moja katika filamu ya William Wyler ya mwaka 1946 kuhusu wanajeshi watatu waliorudi kutoka vitani, ambayo pia ilipigwa na Toland. Karibu na kamera, kijana aliyepoteza mikono anapiga piano kwa vyuma alivyowekewa badala ya mikono, na rafiki yake amesimama kando yake akimtazama. Mbali kabisa, mdogo kama kidole ndani ya fremu, mwanamume wa tatu yuko ndani ya kibanda cha simu akivunja uhusiano wake na binti wa huyo aliyesimama. Jambo zito liko mbali, na jambo jepesi liko karibu. Mhariri mwenye haraka angekata hadi kwenye simu. Wyler hakati, na sisi tunaketi pale tukiisikiliza piano huku macho yakikimbilia kwenye kibanda, tukiwa na wasiwasi uleule wa yule baba anayejifanya anasikiliza muziki. Ni kweli kwamba hatuko huru kama Bazin alivyopenda kusema, kwa sababu macho ya mwigizaji yanatuonyesha pa kutazama. Hata hivyo tunafika huko kwa miguu yetu.

Filamu za Italia za miaka ile zilimpa ushahidi aliouhitaji zaidi: Roberto Rossellini, Luchino Visconti, na hasa Vittorio De Sica, ambaye mwaka 1948 alimpa Lamberto Maggiorani, mfanyakazi wa kiwandani asiyewahi kuigiza, nafasi ya baba aliyeibiwa baiskeli. Lakini ukitaka kutazama kitu kimoja tu kabla ya kurudi kwenye onyesho lako, tazama asubuhi ya mtumishi wa nyumbani katika filamu ya De Sica ya mwaka 1952 kuhusu mzee aliyestaafu. Msichana anaamka, anaingia jikoni, anawasha kiberiti, anawamwagia maji sisimizi waliojaa ukutani, anaketi kusaga kahawa, ananyoosha mguu ili ausukume mlango kwa ncha ya kidole bila kuinuka, na mahali fulani katikati ya hayo machozi yanamtoka, kwa sababu ana mimba na hajui la kufanya. Hakuna hadithi inayosonga mbele. Filamu nyingine ingetupa sekunde sita. Na sasa sikiliza jambo ambalo ubishi wenu umelisahau: sehemu hiyo imekatwa. Si shoti moja ndefu. Ina mikato kadhaa, lakini kila mkato unampisha msichana amalize anachokifanya, na hakuna uliowekwa ili kutuambia tuhisi nini. Kuhesabu mikato, kama nilivyofanya mimi, hakumalizi swali.

Nilikuahidi habari za mwanamke yule. Miaka mingi iliyopita nilihariri filamu ya kweli kuhusu mkutano wa wakazi waliokuwa wakijadili barabara itakayopita katikati ya makazi yao. Mzee mmoja alisimama akaeleza kwamba nyumba itakayobomolewa ndiyo aliyomzikia mkewe, na sauti yake ikakatika. Nilihitaji jibu la umati. Nilikuwa na picha ya karibu ya mwanamke aliyekuwa akicheka, iliyopigwa karibu saa nzima kabla, mtoto alipoangusha kitu miguuni pake. Niliiweka pale, baada ya sauti ya mzee kukatika, kwa sababu mgongano ulikuwa mkali na chumba kizima cha uhariri kilinyamaza tulipoutazama. Nilijivunia mkato ule. Filamu ilionyeshwa kwa wakazi wenyewe, na baada ya onyesho mwanamke huyo alinifuata nje. Hakupaza sauti. Alisema, "Mimi sikumcheka yule mzee." Sikuwa na neno la kumjibu. Majirani zake walikuwa wameshamtazama kwa jicho jingine, na walikuwa wameyaona kwa macho yao.

Niliurudia mkanda wote usiku ule. Kulikuwa na shoti moja pana, ndefu, ambayo niliitupa kwa sababu bega la mtu lilizuia pembe moja na kwa sababu ilichukua dakika nzima. Ndani yake mzee anaongea, na nyuma yake, mwanamke yuleyule ameinamisha kichwa na kushika mikono ya mtoto wake ili atulie. Wote wawili walikuwa katika fremu moja. Nilirekebisha nakala zilizobaki na kumwomba radhi yeye na mzee, lakini waliokwisha kuona walikuwa wamekwisha kuona. Nilimfanyia mtu hai alichofanya Kuleshov kwa uso wa Mozzhukhin, na kumbe Mozzhukhin hakuwa na majirani ndani ya filamu ile.

Najua utaniambia kwamba onyesho lako ni la kubuni na mwigizaji wako hakudhulumiwa. Ni kweli, na katika filamu za kubuni nimeendelea kuhamisha nyuso kutoka dakika moja hadi nyingine maisha yangu yote. Ni sehemu ya ufundi, na sikukatazi. Walter Murch, ambaye ni miongoni mwa wahariri walioandika vizuri zaidi juu ya kazi hii, alipopanga vigezo vya mkato mzuri aliipa hisia asilimia 51, na umoja wa nafasi ya pande tatu akaupa asilimia 4 tu, yaani nafasi ya mwisho. Nakubaliana naye karibu kila siku ya kazi. Ila zipo nyakati ambapo nafasi ndiyo hisia yenyewe, na hapo asilimia zile nne humeza zote zilizosalia. Naamini onyesho lako ni mojawapo ya nyakati hizo.

Sasa tulitazame. Baba anashona mkanda wa begi la binti yake. Binti anasema, "Sitarudi, Baba." Wewe hapo unakata: sindano kwa karibu, uso wa baba, uso wa binti, sindano, uso wa baba, dirisha, uso wa binti, vyote ndani ya sekunde kumi na moja. Uso wa pili wa baba una mwanga wa dirisha ambao haumo katika ule wa kwanza, kwa hiyo najua umeutoa mwanzoni mwa mazungumzo, kabla hajaambiwa chochote. Ni uso mzuri, wenye huzuni, lakini huzuni hiyo umemkopesha. Wakati huohuo, katika picha ambazo hukuzitumia, kuna jaribio la tatu la shoti pana, lililopigwa kutoka mlangoni. Binti yuko kushoto, nusu mgongo, baba kulia na begi mapajani. Anaposema maneno yale, mkono wa baba unasimama na sindano ikiwa imeingia nusu kwenye kitambaa. Hainui kichwa. Sekunde nne zinapita, nimezihesabu, kisha anaivuta sindano na kuendelea kushona, na binti anageuka kuutazama mkono huo. Alichokisema binti kinasafiri kutoka upande mmoja wa fremu hadi upande wa pili mbele ya macho yetu. Ukikata katikati, safari hiyo haipo tena. Zinabaki habari mbili, kwamba binti amesema na kwamba baba ana huzuni, na mtazamaji anaarifiwa badala ya kushuhudia.

Kwa upande mwingine, mwalimu wako asifikiri kwamba ameshinda. Sehemu ya mwanzo, ambapo binti anafunga mizigo na unaruka kutoka nguo hadi vitabu hadi picha iliyogeuzwa kifudifudi, ni montaji ya Pudovkin hasa, tofali juu ya tofali, na imekaa vizuri. Picha ile iliyogeuzwa, ikifuatwa na kiti kitupu, inazaa wazo ambalo hakuna shoti ndefu ingeweza kulizaa, na Eisenstein angeitambua kazi yake. Iache kama ilivyo. Mwenzako ana haki kuitetea, na ningependa umwambie kwamba nimesema hivyo.

Ninalokuomba ni kwamba kuanzia pale binti anapoketi, uondoe mikato yote na uweke jaribio lile la tatu, bila kulifupisha, hadi baba anapomaliza kushona na kuukata uzi kwa meno. Bega la binti linaziba kidogo ukingo wa begi mwanzoni. Usijali, liache lizibe. Ukiona kwamba sauti ya chumba imebadilika mahali unapoingia, chukua sauti ya jaribio hilohilo na uitangulize sekunde mbili kabla ya picha. Kisha nitumie toleo hilo likiwa bila muziki, pamoja na hili la mikato 43, nami nitayatazama yote mawili mfululizo nikiwa na baba yako, bila kumwambia lipi limetangulia kufanywa.

Wako akupendaye,
Mama